Diski ya Kuwashia

Kyebando, Kampala
Tarehe 9 mwezi wa kwanza, 2000

Dada Marie-Jeanne,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usidhani ni homa. Mimi mzima. Kile kifua cha mwaka jana kimeniacha. Asubuhi bado nafagia kanisa, mchana nawaandikia wakimbizi wenzangu fomu na barua zao, maana ukarani ndiyo kazi ninayoijua. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie Kampala nako kuna baridi ya alfajiri, ila si ile ya Bukavu ya kuingia mpaka kwenye meno.

Exaucée amevuka mpaka na kuleta vitenge vyake sokoni hapa salama, na ujumbe wako amenifikishia. Maharage pia, ahsante. Nimeelewa kwamba ofisi ya wale wanaotafuta watoto waliopotea vitani itafungwa mwisho wa mwezi wa sita, na baada ya hapo kila mtoto atabaki na jina la nyumba iliyomlea. Kwa hiyo unataka ile orodha ya watoto mia mbili na kumi na wawili niliyoiandika parokiani mwaka tisini na sita, inayosema nani alipewa nani, na wapi. Makaratasi yaliungua. Imebaki kwenye diski za kompyuta ya parokia, na kompyuta ninayo hapa, chini ya kitanda.

Sasa sikiliza shida. Mashine yenyewe ni ya zamani, haina kumbukumbu ndani yake. Ukiiwasha inatoa mwanga wa kijani, halafu inakaa kimya ikisubiri uipe diski ya kuwashia. Bila hiyo haijui hata kusoma. Diski sita za orodha ninazo zote. Ya kuwashia sina. Unakumbuka Padri alivyokuwa: kila asubuhi ananikabidhi ile diski mkononi kama ufunguo wa stoo, kila jioni namrudishia, anaifungia kwenye droo yake. Siku tuliyokimbia ilikuwa kwenye droo. Padri mwenyewe, Mungu amrehemu, hatuwezi tena kumuuliza.

Kama unamfahamu mtu anayeingia pale ofisini kwa Padri, aiulizie kwa upole: droo ya chini, upande wa kushoto. Usiende wewe.

Mdogo wako,
Valère


Bukavu
Tarehe 6 mwezi wa pili, 2000

Valère,

Mama anakula, analala na kugombana na majirani, basi ujue hajambo. Miguu bado imevimba. Mvua imechukua ukuta mmoja wa jiko, tunapika nusu ndani nusu nje. Mimi nafundisha kama kawaida, watoto sabini chumba kimoja, na sauti bado ninayo.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimecheka mara moja, kwa hasira. Miaka mitatu mashine iko chini ya kitanda chako, na leo ndiyo unaniambia haiwaki? Kila Exaucée akirudi huwa namuuliza, Valère anasemaje kuhusu orodha? Ananijibu, anasema ipo. Hata mimi nina sufuria isiyo na kitako, nayo ipo.

Ni wewe uliyeniambia kwa simu ya masista kwamba Darlène ulimwandikisha kama watoto wengine, ukamkabidhi kwa familia ya watu wazuri, ila jina lao limo kwenye mashine. Nilikuamini. Siku ile nilikuwa hospitalini na Mama, nikakuachia mwanangu asubuhi nikijua nitamchukua saa sita. Alikuwa na miaka minne. Juzi ametimiza minane. Nilipika mandazi, tukayala mimi na Mama.

Ofisini kwa Padri nitakwenda. Usinikataze, huna umri huo. Siku hizi wanakaa askari pale, lakini mtoto wa mmoja wao namfundisha mimi, na mama yake tunasalimiana.

Nijibu swali moja tu. Darlène ni namba ngapi kwenye orodha?

Dada yako,
Marie-Jeanne


Kyebando, Kampala
Tarehe 27 mwezi wa pili, 2000

Dada mpendwa,

Pole kwa jiko. Pole kwa mandazi pia. Mama mwenye nyumba yangu amekuwa na msiba, tumekesha naye, na sasa amerudi kuuza mkaa. Kompyuta anaiita tivii. Kila akipita mlangoni ananiita bwana kwa Kiganda chake, ananiuliza, "Sebo, tivii yako bado iko gonjwa?" Namjibu bado iko gonjwa.

Nakuomba kwa heshima zote usiende ofisini. Hapa nimeanza kupata msaada. Kuna Mkenya mmoja anaitwa Nashon, Mjaluo wa Siaya, ana meza ya kutengeneza redio mkabala na kinyozi. Ameifungua mashine. Ndani kuna mkanda mdogo wa mpira unaozungusha diski, na ule wetu ulikuwa umeyeyuka ukawa kitu kama lami. Akaukwangua kwa wembe, akatafuta mkanda wa redio kaseti, ukawa mrefu. Akatafuta mwingine, ukawa mnene. Wa tano umeingia. Tulipowasha tukasikia diski inazunguka, Nashon akanipigia saluti. Ila kuzunguka si kusoma, na bila diski ya kuwashia hakuna kitu.

Nimezunguka mjini kote. Kwenye maduka ya kompyuta vijana waliochomekea mashati wananiuliza kama nimeitoa makumbusho. Nimefika chuoni Kyambogo, fundi wao akanionyesha kompyuta mpya chumba kizima, akachukua diski yangu akaijaribu, haiingii popote. Si saizi yao. Waliotengeneza mashine yetu wameshaacha zamani. Nyuma ya kitabu cha maelezo ya mashine kuna anwani ya chama cha watu wa Ulaya wanaozitumia hizi mashine. Nimewaandikia kwa Kifaransa na kwa Kiingereza changu kile. Hawajajibu.

Kuhusu swali lako, namba sizikumbuki kwa kichwa, dada. Zilikuwa nyingi na siku zilikuwa mbaya.

Valère


Bukavu
Tarehe 21 mwezi wa tatu, 2000

Valère,

Usishangae kuona herufi nzuri. Anayeandika ni mwalimu mwenzangu Ulrich, mimi nasema tu. Mkono umebanwa na mlango, si kitu. Mama anakusalimu. Ukuta wa jiko umesimama tena.

Diski nimeipata. Droo ya chini, upande wa kushoto, kama ulivyosema. Hawakuigusa kwa sababu hawakujua ni kitu gani. Utaikuta ndani ya mfuko wa sambaza aliobeba Exaucée, katikati kabisa. Wale samaki wadogo wa ziwa letu nimewakausha mwenyewe na kuwatia chumvi ya kutosha. Kwenye vizuizi wanafungua mabegi yote, wanafungua hata nepi za watoto, lakini sijasikia mtu aliyefungua sambaza, kila mtu Bukavu anawatumia ndugu zake. Nilijisifu sana kwa akili hiyo.

Iweke kwenye mashine siku hiyohiyo. Halafu uniambie namba yake.

Marie-Jeanne


Kyebando, Kampala
Tarehe 16 mwezi wa nne, 2000

Dada,

Mama apone miguu, na wewe upone mkono. Nimemuuliza Exaucée kuhusu huo mlango. Nilimsumbua mpaka akasema. Amesema askari walikuweka ndani siku mbili wakikuuliza diski ni ya nini, kwamba walivunja vidole vitatu, na vya mkono wa chaki, na kwamba mama wa yule mwanafunzi wako ndiye aliyekuombea ukatoka nayo. Kwa nini hukuniambia? Nilikuomba usiende. Nimekaa kwenye ile ndoo yangu nimelia kama mtoto, mama mwenye nyumba akaja kuniuliza nani kafa.

Sasa nina jambo la kukuambia na sijui pa kulianzia. Chumvi iliingia ndani ya diski. Chumvi, mafuta ya samaki na unga wa mapezi. Kwenye kile kidirisha kinachofunguka Nashon ametoa jicho moja la sambaza. Alifungua ganda lote, akaosha kile kiduara cha ndani kwa maji yaliyochemshwa, akakipangusa kwa pamba, akakianika kivulini kwenye sahani. Tumeijaribu mara ishirini hivi. Kioo kinaandika mistari mitatu kisha kinasimama. Si kosa lako. Hata mimi ningeitia kwenye sambaza.

Wale wa Ulaya wamejibu, barua ya mstari mmoja ya kusema chama kimevunjwa.

Usikate tamaa. Nashon ananiambia zamani aliwahi kumtengenezea redio mwalimu mstaafu wa upigaji chapa, Mwalimu Aloyo, anayeishi nyuma ya chuo Kyambogo. Anasema aliona mashine kama yangu sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake vase ya maua. Nimekwenda mara mbili, nimekuta mlango umefungwa. Majirani wanasema yuko Gulu kwa ndugu zake, atarudi baada ya Pasaka.

Mdogo wako asiye na maana,
Valère


Bukavu
Tarehe 3 mwezi wa tano, 2000

Valère,

Pasaka tumekula vizuri, Mama aliimba. Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinaangukiana. Vidole viwili vimerudi, cha tatu kimegoma. Acha kulia juu ya vidole vyangu. Vilikuwa vyangu, nimevitumia nilivyotaka.

Zimebaki wiki nane. Nimekwenda kwenye ile ofisi ya kutafuta watoto, wameanza kufunga makabati kwa kamba. Yule bibi wa mezani ameniambia, mama, bila karatasi yenye jina la aliyempokea na sahihi ya aliyemtoa, sisi hatuwezi kufungua faili. Ndiyo kanuni yao, na ndiyo ileile aliyokuwa nayo Padri. Wewe ndiye uliyekuwa unawataka watu watie sahihi.

Sasa nataka nikuambie nilichofanya. Nimezitandaza barua zako zote kitandani. Umeniandikia mkanda wa mpira, umeniandikia lami na wembe, umeniandikia jicho la sambaza. Unaandika "orodha", unaandika "watoto". Tangu mwezi wa kwanza hujaandika jina la mwanangu hata mara moja. Mimi ni mwalimu, Valère. Mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani namjua kwa namna anavyolipanga daftari lake.

Sitakuuliza tena. Washa hiyo mashine.

Marie-Jeanne


Kyambogo, Kampala
Tarehe 28 mwezi wa tano, 2000

Dada Marie-Jeanne,

Nakutumia kwanza habari njema, usije ukaitupa barua kabla ya kuifikia. Bahasha kubwa aliyobeba Exaucée ina kurasa kumi na nne. Ni orodha yote, watoto mia mbili na kumi na wawili, waliowapokea, vijiji, na alama za mwili.

Mwalimu Aloyo amerudi. Ni mama mkavu, anakusikiliza huku anakutazama viatu. Diski ya kuwashia anayo, lakini akasema haijatoka nyumba hii miaka kumi na miwili na haitatoka. "Lete yako hapa," akasema. Basi nimeifunga mashine ndani ya kitenge nikaibeba kichwani kutoka Kyebando mpaka Kyambogo kwa miguu. Nilipofika umeme ulikuwa umekatika, ukarudi siku ya tatu. Mwalimu akaingiza diski kwa mkono wake. Ikasoma, dada. Utepe wa printa ulikuwa umekauka, tukaulowesha kwa wino wa mihuri, ndiyo maana maandishi ni ya zambarau. Mwalimu alisimama nyuma yangu akisoma majina moja moja, yeye Muacholi wa Gulu, asiyemjua hata mmoja. Mwishoni akaniruhusu kunakili diski yake. Sasa ya kuwashia ninayo.

Darlène hayumo.

Usitafute ukurasa uliopotea, kurasa zimetimia. Hayumo kwa sababu sikumwandika. Nilikudanganya kwa ile simu ya masista, na nimekudanganya miaka mitatu na nusu. Mashine sikuiacha chini ya kitanda kwa uvivu. Ilipokuwa imekufa, nilikuwa naweza kukuambia jina limo ndani. Niliogopa siku itakayowaka.

Ilikuwa hivi. Risasi zilipoanza Padri aliniambia, mwokoe mtoto wa dada yako kwanza, halafu mashine. Nikasema naweza vyote viwili. Mashine nikaiweka kichwani kwenye kitenge, Darlène nikamshika mkono. Tulitembea mpaka akachoka, akaanza kukaa chini barabarani. Alivaa gauni la njano na kiatu kimoja, kingine kilikwama matopeni. Akasema, "Mjomba, nibebe." Nikamwambia subiri kidogo. Kulikuwa na mwanamke karibu yetu ana beseni jekundu, hana mtoto. Akasema, mpe mimi, nitambeba mpaka njia panda. Nikampa. Sikumuuliza jina. Mimi, niliyewaandikisha watoto mia mbili na kumi na wawili, sikumuuliza jina kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa imeshika mashine. Pale njia panda wakapiga bomu, watu wakatawanyika, na beseni jekundu sikuliona tena.

Ningeweza kuitua, dada. Nimeibeba tena juzi kutoka Kyebando, na kila hatua nilikuwa nafikiri, ungeweza kuitua. Nilikuwa najiambia ndani yake kuna watoto wa watu. Ni kweli walikuwamo. Lakini wako alikuwa chini, ananivuta suruali.

Siombi unisamehe. Sijui hata niombe nini.

Valère


Bukavu
Tarehe 11 mwezi wa sita, 2000, Jumapili

Valère,

Mama hajambo. Sijamwambia. Akiniuliza nasema mashine imewaka, naye anapiga vigelegele, inabidi nitoke nje.

Bahasha ilifika Jumanne. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaenda darasani kufundisha kuzidisha. Sikumbuki nilizidisha nini. Jumatano sikuamka. Alhamisi nilitaka kuzichoma zile kurasa zako za zambarau, nilishawasha kiberiti. Nikaanza kusoma majina, nikasema nisome mpaka mwisho ndipo nichome. Nilipofika namba ya kumi kiberiti kilishaniunguza, kile kile kidole kibovu.

Leo nimezisoma kanisani baada ya misa, zote kumi na nne, kwa sauti ya darasani. Wanawake wanne wametoka mle ndani wanajua waende wapi. Mmoja alipiga magoti mbele yangu akanishika miguu, akisema mtoto wako na awe na heri. Nilimwinua.

Sijakusamehe, na usiniulize lini. Nilikuwa najiandaa kusikia kwamba amekufa. Kwa miaka yote hii sikujiandaa kusikia kwamba wewe ulikuwapo, una mikono miwili, na ukachagua. Nimekuchukia siku tano mfululizo na leo bado. Lakini ofisi inafunga mwisho wa mwezi, na karani ninayemjua ni mmoja tu.

Exaucée anaondoka kesho, atakuwa Kampala Alhamisi, na atakusubiri siku moja. Kwa hiyo washa mashine. Fungua ukurasa mpya, uandike mtoto namba mia mbili na kumi na tatu. Jaza mistari yote kama ulivyowajazia wengine, usiruke hata mmoja. Jina, Darlène. Umri siku hiyo, miaka minne na miezi minane. Nguo, gauni la njano, kiatu kimoja. Alama, kovu la chai nyuma ya sikio la kulia. Aliyempokea, mwanamke mwenye beseni jekundu. Mahali, barabarani, kabla ya njia panda. Aliyemtoa, andika jina lako lote, na utie sahihi kwa mkono wako, maana bila sahihi ya aliyemtoa hawafungui faili.

Nimezihesabu zile kurasa zako. Kwenye mstari wa jina la mama, watoto mia na tisini umewaandikia "hajulikani". Huyu usimwandikie hivyo. Andika langu. Andika na kwamba nyumba ni ileile, ya pili baada ya bomba, na kwamba mama yupo.

Marie-Jeanne